Kirusi kipya kimetangazwa: hesabu ya siku, dawa na sampuli kwa zahanati za Nyanda za Juu Kusini

Aina mpya ya kirusi inapotangazwa redioni, foleni ya kwanza haipangwi hospitalini. Inapangwa kwenye duka la dawa. Mwanjelwa, Makambako au Tunduma, watu wataulizia azithromaisini, vitamini C na "ile dawa yenyewe ya Uviko", na mtoa dawa atatakiwa kujibu maswali ambayo waraka wa wilaya bado haujafika kuyajibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo mtoa dawa, pamoja na mganga mfawidhi wa zahanati, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mifano ni ya Uviko-19 na influenza, kwa sababu hayo ni maradhi ya mlipuko wa dunia yenye dawa za virusi zilizopimwa vya kutosha. Dozi zimewekwa ili uweze kuhakiki na kuuliza. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa wakati husika ndio wenye kauli ya mwisho.

Maswali matatu kabla ya taharuki

Virusi hubadilika muda wote. Kirusi cha korona kina herufi za vinasaba zipatazo 30,000, na kila ukoo wake hupata mabadiliko kama mawili kwa mwezi. Mengi hayaleti tofauti yoyote. Machache yakikusanyika mahali pabaya ndipo tunasikia jina jipya: Alpha, Beta, Gamma, Delta, kisha Omicron, iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 26 Novemba 2021 ikiwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba wake peke yake, yaani protini iliyochomoza juu ya ganda lake.

Ukisikia jina jipya, uliza: inaenea kwa kasi gani kuliko iliyopo? Inaumiza kiasi gani? Inakwepa nini? Swali la tatu ndilo linalopotoshwa zaidi. Mtangazaji akisema "inakwepa kinga", kijiweni inafika kama "dawa hazifanyi kazi". Hayo ni mambo mawili tofauti. Kinga ya chanjo na ya kuugua hutambua sura ya nje ya kirusi, hasa mwiba. Dawa nyingi za virusi hupiga mitambo ya ndani. Lori likipakwa rangi mpya, askari wa kizuizini halitambui tena, lakini injini ni ileile na bado inazimika kwa njia ileile.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Omicron. Kingamwili za maabara, kama sotrovimabu, ambazo hushika mwiba, zilipoteza nguvu, na Septemba 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri zisitumike tena. Nirmatrelviri, inayoziba kimeng'enya kinachokata protini za kirusi, na remdesiviri, inayokwamisha unakili wa vinasaba vyake, ziliendelea kufanya kazi. Chanjo nazo, ingawa ziliacha watu wengi wakaambukizwa, ziliendelea kupunguza ugonjwa mkali.

Influenza inakataza kuifanya hiyo kuwa kanuni. Oseltamiviri, yaani Tamiflu, hushika kimeng'enya kilicho juu ya ganda la kirusi, na badiliko moja tu la vinasaba hapo liliitosha H1N1 ya msimu. Usugu ulianza kuonekana kwa wingi mwaka 2007 na 2008, na msimu uliofuata karibu H1N1 yote ya aina hiyo ilikuwa haisikii dawa. Kisha mwaka 2009 ikaja H1N1 mpya yenye asili ya nguruwe, ikaifukuza ile ya zamani. Hiyo mpya ilisikia oseltamiviri lakini haikusikia amantadini, dawa ya zamani ya influenza. Kwa hiyo swali sahihi halijawahi kuwa "dawa zinafanya kazi?" Ni "dawa gani, kwa kirusi gani?" Na kwa kuwa huku kwetu nguruwe na kuku wako karibu kila ua, vifo vya ghafla vya mifugo hiyo viripotiwe kwa afisa mifugo siku hiyohiyo, kabla nyama haijagawanywa.

Hesabu ya kata moja

Chukua kata yenye watu 12,000. Namba zifuatazo ni za mfano, za kupigia hesabu tu.

Wimbi linapita kwa miezi miwili na watu 3,000 wanaugua. Mmoja katika kumi yuko hatarini: mzee, mwenye kisukari, mwenye VVU asiye kwenye dawa, mjamzito. Hao ni 300. Tuseme bila dawa mmoja katika kumi kati yao angelazwa, yaani 30. Una dawa inayopunguza kulazwa kwa asilimia 80. Wote 300 wakiipata kwa wakati, watalazwa 6. Wakiipata 60 tu, unaokoa wanne au watano, na 25 bado wanatafuta kitanda. Ukali wa dawa kwenye utafiti haujakusaidia sana. Idadi uliyoifikia ndiyo iliyoamua.

Sasa iingie aina mpya inayoambukiza zaidi lakini inaumiza nusu. Wanaugua 9,000, walio hatarini ni 900, anayelazwa ni mmoja katika ishirini: 45. Aina inayoitwa "nyepesi" imejaza wodi kuliko ile "kali". Na dozi zako zilezile 60 sasa zinaokoa wawili au watatu, kwa kuwa kila dozi inaingia kwa mtu ambaye uwezekano wake wa kulazwa umepungua nusu. Rudi kwenye wimbi la kwanza, na safari hii dawa ndiyo idhoofike, kutoka asilimia 80 hadi 40: hata ukiwafikia wote 300, watalazwa 18.

Ndiyo maana kazi ya kwanza, kabla mgonjwa hata mmoja hajaonekana, ni orodha. Ikae kwenye daftari moja, kijiji kwa kijiji, ikitolewa kwenye rejesta za CTC (kliniki ya matibabu ya VVU), kliniki ya presha na kisukari, kliniki ya wajawazito na kitengo cha kifua kikuu. Kila jina liwe na namba ya simu, dawa anazotumia sasa, na kipimo cha mwisho cha figo kama kipo. Waliomo kwenye rifampisini, dawa ya kifua kikuu, uwawekee alama nyekundu. Sababu iko mbele. Orodha hii ina siri za watu, kwa hiyo mhudumu wa kijiji apewe majina ya nyumba za kupita na asipewe sababu ya ugonjwa.

Siku ya sifuri

Dawa ya virusi huzuia kirusi kuzaliana. Kikishazaliana na mapafu kuvimba, madhara mengi yanatoka kwenye kinga ya mwili yenyewe, na dawa hiyo imebaki na kazi ndogo. Kwa hiyo kila dawa ina dirisha lake, likihesabiwa tangu dalili ya kwanza na si tangu kipimo kutoka:

Oseltamiviri kwa influenza: ndani ya saa 48. Mgonjwa mahututi aliyelazwa hupewa hata akichelewa.
Nirmatrelviri pamoja na ritonaviri (Paxlovid): ndani ya siku 5.
Molnupiraviri: ndani ya siku 5.
Remdesiviri ya mshipa kwa mgonjwa ambaye bado hajawa mahututi: ndani ya siku 7.

Tazama dirisha linavyopotea. Mzee wa kijiji cha Makete anaanza kuumwa kichwa na koo Ijumaa jioni. Hiyo ni siku ya sifuri. Jumamosi anajifukiza nyungu. Jumapili anakwenda ibadani kwa sababu amepata nafuu kidogo. Jumatatu mwanawe anamnunulia amoksilini dukani. Jumanne anasubiri imfanyie kazi. Jumatano bodaboda inampeleka zahanati, kipimo kinatoka chanya, gari la kushuka limeshaondoka. Alhamisi anafika hospitali ya wilaya. Ni siku ya sita. Hakuna aliyezembea hapo, ila kila mmoja alisubiri siku moja tu.

Mahali pa kurudisha siku hizo ni Jumatatu, dukani. Dawa hizi hazimo kwenye orodha ya DLDM (duka la dawa muhimu) na haziuzwi bila cheti, lakini mtoa dawa anaweza kuuliza maswali mawili: "Ulianza kuumwa siku gani, saa ngapi?" na "Una ugonjwa mwingine unaotumia dawa?" Mteja akiwa wa hatari na hajafikisha siku tano, aandike tarehe kwenye kikaratasi na kumpeleka zahanati siku hiyohiyo. Amoksilini na azithromaisini hazigusi kirusi. Nyungu nayo haiui kirusi kilicho ndani ya seli. Madhara yake makubwa ni maji ya moto kumwagikia watoto, na Jumamosi iliyopotea.

Watu hukosea kuhesabu. Ukimuuliza mgonjwa "tangu lini", atakutajia siku aliyozidiwa. Muulize siku aliyoamka tofauti, au aliyoacha kwenda shamba. Aina mpya pia hubadilisha hesabu: kwa korona ya mwanzo mtu alianza dalili kama siku 5 baada ya kuambukizwa, kwa Omicron kama siku 3. Nyumba nzima huanguka ndani ya juma moja, kwa hiyo ukipata mgonjwa mmoja, piga simu kwa bibi wa nyumba hiyo leo, usingoje aletwe.

Kipimo cha haraka na baridi ya Juni

Kipimo cha haraka cha Uviko hutafuta protini ya ndani ya kirusi, si mwiba, ndiyo maana kimeendelea kusoma aina nyingi mpya. Kinachokiharibu huku ni baridi. Vifaa vingi vinatakiwa vitumike kwenye nyuzi 15 hadi 30, na Juni na Julai asubuhi, Njombe na Makete, chumba cha zahanati kisicho na jua hakifiki hapo. Kimiminika kikiwa baridi hakipandi vizuri, na mstari wa mgonjwa hauonekani. Toa kifaa na kichupa chake kwenye stoo nusu saa kabla, uviweke mfuko wa ndani wa koti vikiwa bado vimefungwa. Usiviweke karibu na moto wala juani. Fungua pakiti mgonjwa akiwa ameshakaa, hesabu matone kama karatasi inavyosema, weka saa ya simu, na usome kwa dakika zilizoandikwa. Mstari uliojitokeza saa moja baadaye si jibu.

Hasi ya siku ya kwanza haimalizi mambo. Rudia baada ya saa 48. Kwa mtu wa hatari, wasiliana na daktari wa hospitali wakati unasubiri, maana saa 48 hizo zinakatwa kwenye dirisha lake. Kwa influenza, mtu wa hatari au mgonjwa mkali wakati wa mlipuko huanzishiwa oseltamiviri bila kungoja maabara.

Kyela na bondeni kote, homa ipimwe malaria pia. mRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, ikiwa chanya haifuti kirusi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Oksijeni: mwinuko hubadilisha namba

Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, Njombe karibu 2,000, na uwanda wa Kitulo kama 2,600. Hewa inavyokuwa nyepesi, oksijeni ya damu ya mtu mzima kabisa hushuka alama kadhaa. Mtu wa Kitulo akisoma asilimia 93 kwenye mashine ya kidoleni, huenda ndiyo kawaida yake. Mtu wa Kyela akisoma 93, kuna jambo.

Usikisie. Kabla wimbi halijaja, pima watu wazima wenye afya wapatao 20 wa eneo lako, wakiwa wamekaa dakika tano, na ubandike ukutani namba ya katikati na ya chini kabisa. Hiyo ndiyo kawaida ya zahanati yako. Chini ya 90 ni ugonjwa mkali, oksijeni na rufaa haviahirishwi kwa hoja kwamba "huku ni milimani". Aliyeshuka alama tatu au zaidi baada ya kutembea hatua 40 naye asirudishwe nyumbani, hata kama alianza na namba nzuri.

Mashine ya kidoleni hudanganya kwa njia zinazojulikana. Kidole cha baridi husoma chini au hakisomi kabisa: kisugue, kiweke kwapani, subiri hadi mapigo yaonekane yametulia, ndipo uandike. Futa rangi ya kucha. Kwa ngozi nyeusi mashine nyingi husoma juu kidogo kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta upungufu uliofichika ukiwa karibu mara tatu kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwa hiyo mgonjwa anayehema kwa taabu, anayevuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika, ni mgonjwa mkali hata mashine ikisema 94. Hatari nyingine ya majira ya baridi ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake hukamata damu, na mashine huisoma kama oksijeni. Namba 98 kwa mtu anayeumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, aliyelala na jiko, usiiamini.

Ukishaanza oksijeni, lengo la mgonjwa aliyetulia ni 90 na zaidi, mjamzito 92 hadi 95. Deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, ni ya anayehitaji oksijeni tu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha inapunguza vifo kwa hao, lakini haikuwasaidia wasiohitaji oksijeni na huenda iliwadhuru. Kuitoa mapema "kuzuia" ni kosa ambalo limezoeleka mno mitaani.

Dawa zenyewe, dozi na zinavyogongana

Usitegemee kuzikuta kwenye rafu ya zahanati. Piga simu kwa mfamasia wa wilaya sasa, uulize zipo ngapi, wapi, nani anasaini, na kama Bohari ya Dawa kanda ya Mbeya au Iringa ina mzigo. Andika majibu na tarehe.

*Paxlovid.* Vidonge viwili vya nirmatrelviri vya miligramu 150 pamoja na kimoja cha ritonaviri cha miligramu 100, asubuhi na jioni, siku 5. Jumla ni vidonge 30: 20 vya kwanza na 10 vya pili. Humezwa vizima. Ritonaviri hapa haipigani na korona. Kazi yake ni kuzuia ini lisiifukuze nirmatrelviri mapema, kwa hiyo mgonjwa aliyeacha kidonge hicho kwa kudhani ni "cha UKIMWI" amejitibu nusu. Waelezeni hivyo waziwazi, maana wengine watalitambua jina. Ladha ya chuma mdomoni na kuharisha ni kawaida. Dozi ikisahaulika na hazijapita saa 8, anywe. Zikipita, airuke, asiongeze mara mbili.

Figo zikiwa dhaifu kiasi, uchujaji wa mililita 30 hadi chini ya 60 kwa dakika, hupewa kidonge kimoja cha nirmatrelviri na kimoja cha ritonaviri, asubuhi na jioni. Hapa ndipo pakiti huleta ajali: mgonjwa amepewa pakiti kamili, akaambiwa kwa mdomo "kunywa kimoja kimoja", akafika nyumbani akafuata picha ya kwenye boksi. Toa vidonge vya ziada mwenyewe kabla hajaondoka.

Kisha migongano, ambayo huku ina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 uliuweka mkoa wa Njombe juu ya mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima, na Iringa na Mbeya zikifuata. Kwa hiyo daftari lako limejaa watu wa CTC na wa kifua kikuu.

Rifampisini hushusha nirmatrelviri hadi isifae. Mgonjwa wa kifua kikuu asipewe Paxlovid, na asisimamishiwe dawa za kifua kikuu ili aipate: athari ya rifampisini hubaki kwa muda baada ya kuacha. Huyo anahitaji remdesiviri au molnupiraviri, hospitali. Dawa za kifafa, kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, zina tatizo lilelile.

Aliye kwenye TLD, kidonge cha VVU cha mstari wa kwanza, aendelee kama kawaida. Aliye kwenye mstari wa pili wenye ritonaviri ndani yake naye aendelee bila kubadilisha kitu. Asiyejua hali yake apimwe VVU kabla, kwa sababu ritonaviri kwa mtu mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kukipa kirusi hicho nafasi ya kujenga usugu.

Simvastatini, dawa ya mafuta ya damu, isimamishwe. Amlodipini hupanda, presha inaweza kushuka na miguu kuvimba. Daktari hupunguza dozi kwa siku hizo. Wafarini, ya kuzuia damu kuganda, hufuatiliwa. Amiodaroni, ya mapigo ya moyo, ni marufuku. Mseto wa malaria huongezeka kwenye damu, hasa lumefantrini, kwa hiyo mwenye malaria na Uviko kwa pamoja aangaliwe mapigo ya moyo hospitali. Anayetumia vidonge vya majira aongeze kondomu. Usisahau kuuliza kuhusu dawa za nguvu za kiume; sildenafili haichanganywi ovyo na ritonaviri, na hakuna mwanamume atakayeitaja bila kuulizwa faraghani.

*Molnupiraviri.* Vidonge vinne vya miligramu 200, asubuhi na jioni, siku 5; jumla 40. Haina migongano mingi, ndiyo faida yake. Nguvu yake ni ndogo: kwenye utafiti wake mkuu ilipunguza kulazwa na vifo kwa kama asilimia 30, wakati Paxlovid ilikaribia 90 kwa watu wasiochanjwa. Hufanya kazi kwa kujaza makosa kwenye vinasaba vya kirusi, na watafiti wamezikuta alama za makosa hayo kwenye virusi vilivyosambaa. Haipewi mjamzito wala aliye chini ya miaka 18. Mwanamke azuie mimba wakati wa dawa na siku 4 baada yake, mwanamume miezi 3.

*Remdesiviri.* Dripu: miligramu 200 siku ya kwanza, 100 siku ya pili na ya tatu. Tatizo ni nauli na kitanda cha siku tatu mfululizo, si dawa.

*Oseltamiviri.* Mtu mzima miligramu 75, asubuhi na jioni, siku 5. Mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea: hadi kilo 15 miligramu 30, hadi kilo 23 miligramu 45, hadi kilo 40 miligramu 60, wote mara mbili kwa siku. Mjamzito anaruhusiwa. Kichefuchefu hupungua ikinywewa na chakula. Figo dhaifu, dozi hushuka.

Ivermektini na hidroksiklorokwini zimepimwa kwa Uviko na hazikusaidia.

Kuchukua sampuli inayosomeka

Aina mpya hujulikana kwa kusoma vinasaba, na maabara haisomi sampuli mbovu. Ichukuliwe mapema, siku tano za mwanzo, kirusi kikiwa kingi.

Tumia kijiti chenye ncha ya nyuzi za plastiki. Pamba yenye mti hukwamisha kipimo. Mgonjwa ainue kichwa kidogo. Ingiza kijiti puani kikielekea sikioni, sambamba na kaakaa, usikielekeze juu kwenye macho. Kikigota nyuma, kizungushe taratibu, kiache sekunde chache, kitoe kikizunguka. Kivunje kwenye alama ndani ya kichupa cha kimiminika, funga hadi mwisho. Andika kichupani kabla ya kuvua glavu: jina au namba, umri, tarehe. Fomu iwe na hayo hayo neno kwa neno, pamoja na tarehe ya dalili ya kwanza, safari za karibuni, chanjo na dawa alizokunywa.

Vifungashio ni vitatu: kichupa, mfuko usiovuja wenye kitu cha kunyonya, kisha kasha gumu. Fomu ikae nje ya mfuko wa pili. Ikilowa, sampuli imekufa kiofisi. Joto ni nyuzi 2 hadi 8, kwa saa 72 tu. Barafu itolewe mapema hadi itoe jasho, isije ikaigandisha sampuli. Ipite kwenye njia ileile ya sampuli za wingi wa VVU na makohozi, na dereva apewe namba ya simu ya anayepokea. Sampuli ya Ijumaa mchana ni hatari: hukaa mapokezi hadi Jumatatu na saa 72 zimekwisha. Afadhali upige simu kwanza.

Si kila mgonjwa anahitajika. Chagua aliyelazwa, aliyechanjwa akaugua vibaya, msafiri au dereva aliyepita mpaka wa Tunduma, kundi la watu walioangukia mahali pamoja, na yule ambaye dawa haikumfaa.

Ambaye hakupona baada ya siku tano

Mara nyingi si usugu. Dalili au kipimo chanya kurudi siku 2 hadi 8 baada ya kumaliza Paxlovid kunajulikana, kwa kawaida ni kwepesi, na hakuhitaji dozi ya pili kwa mazoea. Ajitenge tena na aangaliwe oksijeni. Kisha hesabu vidonge vilivyobaki kwenye boksi. Mume na mke waliogawana pakiti moja wote wawili wamekunywa dozi isiyotosha. Tafuta na nimonia ya bakteria, kifua kikuu na malaria.

Wa kutia shaka ni mwenye kinga iliyoshuka sana ambaye amemaliza dawa sawasawa na bado ni chanya baada ya wiki mbili. Mwili wake haukitoi kirusi, nacho kinapata muda wa kujaribu mabadiliko mengi. Mwanamke mmoja wa Afrika Kusini mwenye VVU iliyoendelea alikaa na korona siku 216, na kirusi chake kikakusanya mabadiliko zaidi ya 30. Aliye kwenye ARV na wingi wa VVU umeshuka hayuko kwenye kundi hilo, na asitazamwe hivyo. Aliyeacha dawa ndiye wa kufuatwa nyumbani: kumrudisha CTC ni kazi ya kuzuia aina mpya sawa na barakoa yoyote.

Kwa huyo aliyebaki chanya baada ya dawa, chukua sampuli ya pili, uandike juu ya fomu kwa herufi kubwa jina la dawa, tarehe ya dozi ya kwanza na ya mwisho, na idadi ya vidonge vilivyokutwa. Mpigie Mganga Mkuu wa Wilaya au namba ya bure 199 siku hiyohiyo, na kama kuna madhara ya dawa jaza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nakala ya fomu zote mbili ibaki kwenye faili la mgonjwa, kwa sababu jibu la vinasaba linaweza kurudi baada ya wiki kadhaa, na atakayelipokea huenda si wewe.